Gambuti za Kiilu

Habari za mapenzi usimuulize mtu mwingine, niulize mimi, kwa sababu nimependwa na wanaume wanne katika maisha yangu na wote walikuja kwetu kwa miguu yao. Haya, tuseme watatu. Yule wa nne alikuwa anauliza njia ya kwenda Kabati. Lakini hata yeye aliniangalia mara mbili, na mwanamke akishaangaliwa mara mbili anajua kutazama wenzake wakiangaliwa. Ndiyo maana naweza kukuambia bila wasiwasi kwamba Jumatatu ile asubuhi, huko Matinyani, Mutindi binti Mulinge alipomwona Kiilu akishuka kwenye pikapu, moyo wake haukuruka. Watu husema moyo huruka. Wa Mutindi ulikaa chini, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Kiilu alikuwa amekuja kuchukua mbuzi.

Mbuzi walikuwa watatu, wale wa ntheo. Kwetu Ukambani mbuzi hao wakishapokelewa, msichana ni mke wa mtu hata kama bado analala kwa mama yake. Na wakirudishwa, basi. Hakuna kikao kingine, hakuna mjomba wa kutumwa kubembeleza. Mzee Mulinge, baba yake Mutindi, alikuwa amewafunga tangu alfajiri kwenye nguzo ya tangi la maji, kisha akaenda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa akiwa ameacha neno moja: akirudi saa saba, asikute mbuzi wa mtu wa Makueni wakila majani yake. Mbuzi wenyewe hawakuwa na habari. Mmoja alikuwa anatafuna kamba aliyofungwa nayo.

Mutindi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda la kuku. Lilikuwa banda refu la matofali mpaka kiunoni na waya kutoka hapo kwenda juu, na sasa lilikuwa limepakwa chokaa likawa jeupe kama kaburi la tajiri. Maranda ya sakafuni yalikuwa yamezolewa yakachomwa. Vyombo vya maji vilikuwa vimepangwa juani, midomo chini. Hapakuwa na sauti yoyote. Ukiishi na kuku mia sita na arobaini kwa miaka miwili, kelele zao unaacha kuzisikia. Siku wakinyamaza ndipo unazisikia, na huzisikii kwa masikio.

Kiilu alikuwa amekonda. Jambo hilo lilimfurahisha Mutindi kwa pumzi moja tu, halafu likamuuma. Alikuja mpaka karibu na banda, mikono ya shati imekunjwa, na hatua tano kutoka kwenye waya akasimama.

"Unaweza kusogea," Mutindi alisema. "Hakuna wa kuambukizwa."

"Nimezoea hapa," Kiilu akasema.

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo penye kidonda chote cha hadithi hii.

Kiilu ni mtu wa upande wa Malili, huko Makueni, lakini kazi yake humzungusha Kitui nzima. Huchanja kuku, hukagua mabanda, humwambia mtu dirisha liwe upande gani upepo usiwapige kuku kifuani. Watu humwita daktari, naye husema yeye ni mtu wa sindano tu. Mutindi alipoanza kufuga kuku wa mayai, Kiilu ndiye aliyemfundisha. Weka karai la dawa mlangoni, kila anayeingia alikanyage. Gambuti za bandani zibaki bandani. Ndege wa nje asiingie, hata njiwa, hata awe mzuri namna gani. Na ile kubwa kuliko zote aliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha langoni: UMETOKA KWA KUKU WA MTU? RUDI BAADA YA SIKU TATU.

Sasa fikiria. Mtu ambaye kazi yake ni kushinda kwa kuku wa watu anaandika sheria kama hiyo kwenye lango la mwanamke anayemtamani. Kwa wafugaji wengine Kiilu alioga, akabadilisha nguo, akaingia. Kwa Mutindi alihesabu siku tatu kamili. Siku zilizobaki alikuja jioni akasimama nje, hatua tano kutoka kwenye waya, akauliza kuku wanaendeleaje. Wanaendelea vizuri. Maji wanakunywa? Wanakunywa. Na kinyesi? Kizuri. Mimi nimetongozwa kwa maneno mengi, mengine matamu kuliko hayo, lakini mwanamume anayeuliza kinyesi cha kuku kwa sauti ile ya chini, huku anakuangalia usoni vile, huyo ni wa kuogopwa.

Wakapendana hatua tano, mwaka mzima. Mutindi alimnunulia gambuti zake mwenyewe, za kijani, akazitundika kwenye msumari kando ya mlango, visigino juu, zimngoje siku yake ya kuruhusiwa. Wanawake wa Matinyani waliozoea kupita pale kuchukua mayai walikuwa wakizisalimia. Wakiona zimeloa dawa, walisema mwenyewe alikuwepo jana.

Mzee Mulinge hakumtaka. Alisema mtu hawezi kuoa akiwa anatembea na sindano kijiji hadi kijiji kama nyuki, na tena Makueni ni mbali, mtoto akiugua atamwita nani. Ilichukua miezi minane na vikao vitatu kumlainisha. Hatimaye akakubali, kwa uso wa mtu anayemeza dawa, na mbuzi wakaja Jumamosi moja pamoja na wajomba wa Kiilu na mama yake, Wayua.

Wayua hakuja na mbuzi tu. Kutoka Malili mpaka Matinyani alikuwa amepakata kuku jike mwenye madoadoa, amefungwa miguu kwa kipande cha leso. Alimlea mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo, kumpa mama wa mkaza mwanawe. Kuku kama huyo hakataliwi. Ukimkataa ni kama umemtemea mtu mate mbele ya ndugu zake. Mutindi alimpokea kwa mikono miwili pale langoni, akashukuru mpaka akapiga goti, kisha akampa mama yake, Kasyoki, akamnong'oneza: mwaitu, achinjwe leo hii, na asilione banda hata kwa mbali. Jioni wakala kuku. Mzee Mulinge alisema ni mgumu.

Siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya chanjo ya kurudia. Waliisogeza wiki moja. Nani atashika sindano siku ya mbuzi wake?

Jumamosi iliyofuata Kiilu alikuja asubuhi na chanjo kwenye kisanduku cha barafu. Kuku kumi na mmoja walikuwa wamelala kwenye maranda, shingo zimepinda kama nguo inayokamuliwa, kinyesi kijani. Wengine walisimama wamejikunyata wakipumua kwa mdomo. Hakufungua kisanduku. Ugonjwa wa kideri ukishaingia, chanjo ni maji. Kufikia Jumatatu waliokufa walikuwa mia nne. Mutindi hakuwahi kujua kwamba kuku anapokufa mikononi huwa mzito namna ile.

Jumanne, kando ya shimo walilochimba la kuwazika, mbele ya Mzee Mulinge na mbele ya Kasyoki, Kiilu alivua kofia.

"Ni mimi niliyeleta," alisema.

Alisema alitoka kwa kuku wagonjwa akaingia bandani bila kungoja siku zake. Hakusema zaidi, wala hakuulizwa, kwa maana Mzee Mulinge alikuwa ameshaanza kusema yake, na Mzee Mulinge akianza hapati breki. Kasyoki alijifunika uso kwa leso akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Mutindi hakulia. Alimtazama Kiilu akizitundika zile gambuti msumarini, akipita langoni chini ya maandishi yake mwenyewe, mgongo umeinama.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo Mutindi alikuwa amelala akiangalia ukuta, na jambo moja tu lilimpa nguvu, nalo ni mama yake. Kasyoki, ambaye tangu azaliwe Mutindi hakuwahi kumwona binti ameketi asimtafutie kazi, sasa alikataa hata asikanyage jikoni. Pumzika, mwanangu. Mama yupo, mama atapika. Akimwona tu anaelekea jikoni, anamkimbilia na kikombe cha chai amrudishe kitandani. Mutindi hakujua kwamba mama yake anampenda hivyo.

Kiilu alianza kueleza habari za banda, kama wengine wanavyoanza na mvua. Alisema libaki tupu wiki tatu nyingine. Lipulizwe dawa tena, na mianya ya chini ya kuta izibwe, na asilete vifaranga vipya mpaka boma zima liwe halina kitu chenye manyoya. Alisema amemwachia namba ya mtu mwingine wa kuchanja, mtu mwaminifu.

Mutindi alimwacha amalize.

"Kiilu. Siku ile ulitoka kwa nani?"

Alionekana kama mtu aliyekuwa ameomba njiani asiulizwe hilo.

"Mtu mmoja wa Kabati. Humjui."

"Kuku wake walikuwa wanakufa?"

"Walikuwa wameanza."

"Na ulijua ni nini."

"Nilijua."

"Siku gani hiyo?"

"Jumanne. Ile baada ya mbuzi. Ulikuwa umeenda kwaya."

Mutindi alitikisa kichwa polepole. Jumanne huenda kwaya, ni kweli.

"Mwaka mzima umesimama hapo," alisema. "Shangazi yangu alipokufa nililia hapa, juu ya ndoo hii. Wewe ukasimama hapohapo ulipo. Hukuvuka. Ulikunja leso yako ukanirushia juu ya waya, nikajifuta. Watu walisema huyo mwanamume hana moyo. Mimi nilikupenda zaidi kwa sababu hukuvuka. Unanielewa? Nilisema, huyu hata akiniona nalia atalinda changu. Halafu Jumanne moja ukavuka tu. Hivi hivi. Kwa sababu ya nini?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Kiilu aliwaangalia mbuzi, kana kwamba wao wangemsaidia. "Nilitaka kuona kama wana maji."

"Kuku wangu hawajawahi kukosa maji."

"Najua."

"Basi niambie uliingiaje. Nataka nijue yote leo, kwa sababu ukiondoka na hao mbuzi sitakuuliza tena kitu chochote duniani."

Kiilu aligeukia mlango wa banda. Akaelekeza kidole kwenye msumari. "Nilivaa hizo. Asubuhi nilipita hapa nikazichukua, Kabati kulikuwa na matope. Nikaenda nazo kwa yule mtu. Mchana nikarudi nazo, nikaingia. Sikukanyaga dawa."

Mbuzi alipiga chafya. Mutindi aliinuka kwenye ndoo, akaenda mlangoni, akazitungua zile gambuti za kijani moja moja. Alikuwa amekusudia kumtupia miguuni. Hilo alikuwa amelipanga usiku wa manane mara nyingi, jinsi atakavyozitupa na atakachosema. Lakini ziliposhuka kutoka msumarini kidole chake kiliteleza kwenye kisigino cha kushoto, kikagusa kiraka.

Kilikuwa kiraka cha mpira mweusi wa gurudumu, kimekatwa duara, kimegandishwa vizuri na kushonwa pembeni. Akakipapasa. Akakipapasa tena.

"Kiilu, hii gambuti ina nini hapa?"

"Ina kiraka."

"Ulikiona lini?"

"Jumamosi ile nilipokuja na chanjo." Sauti yake ilishuka. "Ilikuwa inaingiza maji tangu mvua, nikawa sijakuambia. Nilipoivaa nikaona kiraka, nikajua ni wewe. Nikasema nikimaliza kuchanja nitakushukuru. Halafu nikafungua mlango."

Mutindi alihisi machozi yakija akayazuia, kwa sababu alihitaji macho yake.

"Jumatatu baada ya mbuzi," alisema, "nilizibeba kwenye mfuko nikazipeleka kwa fundi wa viatu pale Kabati. Akaniambia nirudi Jumatano. Jumatano nikaambiwa ameenda kuzika mjomba. Nilizipata Ijumaa jioni. Nikazitundika hapa kukiwa na giza, ili uzikute." Akainua ile ya kushoto. "Jumanne ulivaa gambuti za nani?"

Mwanamume aliyezoea kudanganya angepata jibu. Angesema amechanganya siku, au angekasirika kwanza ili apate nafasi ya kufikiri. Ningekuwa karibu ningemfundisha mwenyewe. Lakini Kiilu hakuwa na mazoezi. Aliangalia miguu yake kana kwamba gambuti zingetokea hapo zimwokoe.

"Hukuingia," Mutindi alisema.

Kiilu alianza kukunjua mkono wa shati.

"Hukuingia bandani. Hakuna mtu wa Kabati. Kiilu, wiki tatu."

"Usiniulize nani," Kiilu alisema.

"Kwa hiyo kuna nani."

"Mutindi, mbuzi wakishapokelewa kuna mtu siwezi kumtaja kwa ubaya. Siwezi hata kumwangalia usoni. Unajua mila yetu. Usinifanye nitaje."

Na alijua. Kwetu hiyo tunaita nthoni, heshima ya mwanamume kwa mama wa mkewe, na ni nzito kuliko mlango wa chuma. Kwenye boma lile lote, ukiondoa mbuzi, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Kiilu hangeweza kumtaja. Mutindi aligeuza uso polepole akaangalia jikoni. Moshi ulikuwa unatoka chini ya paa kama kawaida.

Akamwambia aseme, kwa maana ameshajua. Na Kiilu akasema, akiangalia chini muda wote.

Ile Jumatatu ya maiti nyingi alienda kusafisha kile chumba kidogo cha mwisho wa banda, cha kulelea vifaranga, ambacho kilikuwa kitupu na kimetenganishwa na kuku wakubwa kwa waya tu. Hakikuwa kitupu. Kwenye kona, juu ya gunia, nyuma ya rundo la maranda, alikuwa amelala kuku wa madoadoa, mzima, mnene, macho makavu, analalia mayai. Kipande cha leso bado kilikuwa mguuni. Wa kijijini huwa hivyo wakati mwingine, ugonjwa wanaubeba wala wao hawaugui. Sufuria ya maji yake ilikuwa ileile inayotumika kuwanywesha wengine. Kwa siku zote hizo alikuwa akitaga na kupiga kelele zake, lakini kuku mmoja kati ya mia sita na arobaini nani amsikie?

"Mama akaja nyuma yangu," Kiilu alisema. "Akaniambia kuku wa mkwe hachinjwi siku ya kwanza. Alitaka aangue kwanza. Alitaka siku ya harusi uende kwako na vifaranga wake." Akaangalia viganja vyake. "Alinipigia magoti, Mutindi. Mama yako. Nikageuka nisimwone."

"Na wewe ukaenda ukasema ni wewe."

"Baba yako angemkumbusha kila siku mpaka azikwe. Kila akikosa yai la chai angemkumbusha. Na mama yangu yuko Malili anauliza watu kama yule kuku ameshaangua. Akijua zawadi yake ndiyo iliyoua kuku wako wote, hatakula tena chakula. Nikaona hao ni mama. Mimi ni mtu wa kuja. Mtu wa kuja akiondoka, boma linabaki."

"Na mimi?"

Kiilu alisukuma jiwe dogo kwa ncha ya kiatu.

"Mimi uliniweka wapi? Mliniketisha wapi nyinyi wawili mlipokuwa mnagawana?" Hakupaza sauti, na ingekuwa rahisi kwa Kiilu kama angepaza. "Wiki tatu najifundisha kukuchukia. Naamka asubuhi naanza upya, kama mtoto anayejifunza kusoma. Nilikuwa nimeanza kuweza, Kiilu. Jana nilikula chakula chote."

Sasa machozi yakashuka na hakuyazuia. Kiilu alipapasa mfukoni akatoa leso. Aliikunja, mkono ukainuka kuirusha kama siku ile, halafu akakumbuka kwamba hakuna tena cha kulinda. Hata hivyo miguu ilikataa kuvuka. Akabaki ameshika leso hewani kama mtu anayeaga gari la watu asiowajua.

"Huyo kuku yuko wapi?" Mutindi aliuliza.

"Alimchinja jioni ileile. Nilimwambia asipomchinja ugonjwa utabaki hapa, na ukileta vifaranga wapya watakufa pia. Akaniapia. Niliondoka kwa sababu aliniapia."

Mutindi alijifuta kwa mkono akaelekea jikoni, gambuti bado kwapani. Kiilu alimfuata, na hatua tano kutoka mlangoni akasimama tena, maana sasa ilikuwa hatua tano za mama mkwe.

Kasyoki alikuwa ametokea mlangoni na chupa ya chai na vikombe viwili. Pazia la gunia lilining'inia nyuma yake. Alikuwa amewatayarishia chai ya safari, alisema, maana hata mtu anayerudishiwa mbuzi ni mtu, haendi na njaa. Aliziona gambuti kwapani mwa binti yake akatabasamu bila kujua anatabasamu nini.

"Mwaitu," Mutindi alisema, "yule kuku wa Mama Kiilu tulimla?"

"Si tulimla? Jumamosi ile ya mbuzi. Hata baba yako akasema ni mgumu."

Kiilu alikohoa, macho kwenye udongo. Kasyoki alimtupia jicho, akamwangalia binti yake, akajua kwamba kuna maneno yametembea pale nje wakati yeye anachemsha maziwa.

"Au ilikuwa Jumatatu," akasema. "Ndiyo, Jumatatu. Yule wa Jumamosi alikuwa mmoja wa wako, yule aliyeacha kutaga. Huyu wa Mama Kiilu nilimchinja Jumatatu kwa mkono wangu. Nikanywa supu yake peke yangu, na machozi. Muulize huyu, aliniambia nimchinje, nikamchinja."

"Manyoya yake ulitupa wapi?"

"Kwenye shimo, na ya wenzake."

"Na wiki tatu hizi unanikataza jikoni kwa nini?"

"Kwa sababu una uchungu, mwanangu." Vikombe viligongana. "Mtu mwenye uchungu hapiki. Anaweza kuungua."

Mutindi alimwangalia mama yake. Aliona leso ileile aliyojifunika nayo kando ya shimo. Akakumbuka kile kilio, na vikombe vyote vya chai alivyoletewa kitandani, kimoja baada ya kingine, vya moto, na sukari nyingi. Alikuwa amevishikilia kama kamba mtu anapozama.

"Niapie basi," alisema polepole. "Niambie hakuna kuku hapa nyumbani, nami nitamwambia Kiilu awafungue hao mbuzi warudi malishoni, na baba akija nitasimama mimi mbele yake. Niambie tu, mwaitu. Nitakuamini."

"Hakuna kuku hapa," Kasyoki alisema.

Boma lilikuwa kimya. Wiki tatu lilikuwa kimya namna hiyo, hata jogoo wa jirani alionekana kuliheshimu. Na ndani ya kimya hicho, nyuma ya pazia la gunia, karibu na kuni, kikasikika kitu kidogo chembamba. Twi. Kikanyamaza. Halafu tena, mara mbili, kwa hasira ya kitu kilichotoka tu kwenye joto kikakuta dunia. Twi, twi.

Kiilu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mbuzi wapokelewe alimwangalia mama mkwe wake machoni.

"Ni panya," Kasyoki alisema.

Alitanua miguu kidogo, akashusha leso ifagie kizingiti. Siku ishirini na moja zilikuwa zimetimia asubuhi hiyo, na mtu aliyezaliwa kwenye boma la kuku hahitaji kuhesabiwa. Gunia likatikisika chini. Ukingo wa leso ukainuka, na kati ya nyayo za Kasyoki kikatoka kifaranga chenye madoa, mgongo bado umeloa, kipande cha ganda kimeganda kichwani kama kofia. Kikasimama. Kikamwangalia Mutindi, kikaangalia gambuti.

Kiilu, bila kujua, alirudi nyuma hatua moja.

"Ni panya," Kasyoki alirudia, kwa sauti ya mtu anayeomba, na nyuma yake wa pili akaanza kulia.